Kwanza Kaa

Fundi Nangololo hakuniuliza nataka meza ya mti gani.
Alisema: kwanza kaa.
Nikakaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
pale kibarazani kwake, Chikongola,
vumbi la mninga limemnasa kwenye nyusi.
Akanikunja mkono kama anayekunja rula ya mbao,
akachora mstari wa penseli ukutani, usawa wa kiwiko.
"Meza yako inaishia hapa," akasema.
"Mengine ni mapambo."

Misimu mitatu nimechapa stakabadhi za korosho
kwenye meza ya wali:
kilo, daraja, jina la mkulima, namba ya gunia,
mabega yamepanda mpaka masikioni
kama mtu anayenyeshewa ndani ya nyumba yake.
Daktari pale Ligula aliniuliza, unalima?
Nikasema, nabofya.
Akaandika vidonge.

Mama alikuwa na cherehani.
Alipima viuno vya nusu ya mji huu,
mabega ya maharusi, shingo za makarani wa bandari,
namba zote kaziweka kichwani,
na yeye mwenyewe kaketi kwenye kreti ya soda.
Siku tuliyomlaza mara ya mwisho
mgongo wake ulikuwa bado unashona.

Meza ililetwa Jumamosi kwa guta,
miguu juu, kama kaa aliyepinduliwa.
Shangazi Somoe akaizunguka mara mbili:
"Laki na ishirini, kwa ajili ya kukaa?"

Sikuiweka mbele ya dirisha.
Jua la asubuhi hapa Chuno halina simile, hufuta kila herufi.
Sikuliacha dirisha mgongoni,
nisije nikashinda kutwa naitazama sura yangu kwenye kioo.
Ubavuni. Mwanga uingie kama mgeni mwenye adabu,
asimame pembeni, asiulize kinachoandikwa.

Kompyuta nimeipandisha juu ya vigae vilivyobaki bafuni,
kimoja, viwili, cha tano nikakitoa,
hadi ukingo wa juu ukatazamana na nyusi zangu.
Kati yetu mkono mmoja:
nikiunyoosha, ncha ya kidole inagusa tu,
kama waliokosana wanaosalimiana msibani.

Miguu haikufika sakafuni. Kwetu hatukujaliwa urefu.
Nikaitoa jikoni mbuzi ya mama ya kukunia nazi,
nikaing'oa meno,
nikaiingiza chini ya meza. Sasa ni kanyagio.
Mto wa sufi nimeushona mwenyewe, mshono umekwenda upogo,
lakini unajua mahali pake:
pale kiuno kinapoingia ndani.

Kila nusu saa simu inalia: inuka.
Nakwenda mpaka mtungini, nakunywa, nahesabu kuku,
narudi kwa mkulima niliyemwacha kwenye gunia la arobaini.
Mara nyingine siinuki. Mnada ni kesho,
na nawasikia mabega wakianza kupanda ngazi.
Nawaambia: shukeni.
Mmoja hushuka.

Juzi nilipita kwa fundi kumlipa salio.
Mstari wangu bado upo ukutani, katikati ya mistari mingine,
hakuna uliotiwa jina.
Nikakaa tena juu ya ndoo, nikakunja mkono, nikaupata.
Vidole viwili chini yake kuna mwingine,
wa penseli ya zamani, umekaribia kuliwa na chokaa.

"Huu wa nani?"
Akapuliza vumbi kwenye randa.
"Mama mmoja fundi cherehani. Alisema atarudi baada ya Idi."

Idi ipi, hakukumbuka.